Kijana Aliyebonyeza Nyanya

Dennis Murunga alianza kuniudhi angali mtoto wa shule ya msingi, na sababu ilikuwa nyanya. Mama yake, Nasike, ana kibanda cha mboga hapa Munyaka, kwenye kona ya kuingilia ploti yetu, na sisi wapangaji tunanunua kwake kwa kuwa ni jirani na mafungu yake hayana hila. Jioni akiingia ndani kupika, alimwachia Dennis kibanda. Ukimwambia akuchagulie nyanya zilizoiva, yule mtoto hakuchagua kwa macho kama watu. Alizibonyeza. Alizichukua moja moja, akazikandamiza kwa kidole gumba huku anatazama pembeni, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Ukifika nyumbani unakuta nyanya zina vishimo, nyingine zinatoa maji.

Nilimlalamikia Nasike, tena si mara moja. Nasike alimpiga mkono na kumwambia nyanya si mkate. Kesho yake kijana akabonyeza tena. Mama yake akasema mtoto ni mvivu wa kuangalia, nasi sote tukakubali, maana mwenyewe hakujitetea. Aliinamisha kichwa tu, akatazama viatu vyake. Alichokuwa akifikiri nimekijua mwaka huu, aliponisimulia mambo yote ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni pangu, nami nachambua kunde. Alidhani watu wengine wote wana bidii fulani ya kutazama ambayo yeye alinyimwa. Alijionea aibu kwa uvivu asioweza kuuacha.

Darasani lakini alikuwa moto wa kuotea mbali. Hesabu alizitafuna kama njugu. Alipofika kidato cha pili, ploti nzima ilimwita Profesa, na binti yangu Faith alikuwa akimpelekea madaftari amfafanulie fizikia. Kila ploti ya Eldoret ina profesa wake, na wetu tulijivunia bila haya.

Sasa, kemia ina siku zake za maabara. Nieleze kidogo, kwa kuwa hata mimi nilielezwa. Mwanafunzi hupewa chupa ya kioo yenye maji ya magadi, akatia tone la dawa ya rangi, na yale maji yakawa manjano. Kisha hufungulia asidi kutoka mrija mrefu wa kioo uitwao bureti, tone kwa tone, mpaka manjano igeuke waridi. Inapogeuka tu, hufunga, akasoma asidi iliyotumika ni kiasi gani, akaandika. Ustadi wote wa kazi hiyo ni jicho.

Mara ya kwanza Dennis kuifanya, mwalimu alisimama nyuma yake akamuuliza mbona hafungi. Dennis akajibu, kwa adabu zote, kwamba bado, bado ni manjano. Darasa likaangua kicheko, kwa maana chupa ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu zamani. Mwalimu aliinyanyua juu kila mtu aione, akauliza kama kijana ameyasahau macho yake Munyaka. Dennis naye alicheka, akijifanya kwamba alikuwa akitania. Jioni hiyo alikaa chooni mpaka kengele ya chakula ikapita.

Tangu siku hiyo hakutafuta rangi tena. Alitafuta jibu la mwalimu.

Mzazi aliyesomesha mtoto Kenya hii ataniunga mkono kwa haya nisemayo. Kwa kuwa dawa za shule moja haziwi sawa na za shule nyingine, mwalimu hutakiwa afanye jaribio mwenyewe kwanza, na kipimo alichokipata ndicho wanafunzi hupimwa nacho. Ukikikaribia, unapata alama. Ukiwa mbali, huna lako. Ni utaratibu wa maana kabisa, na walioutunga hawakuwa wajinga. Ila watoto nao si wajinga. Kipimo kile huandikwa kwenye kikaratasi mezani pa mwalimu, kiranja hupita kuchukua chaki, na kabla bureti hazijajazwa, jibu limekwisha kuzunguka meza zote. Watoto humimina, hutikisa, hukunja nyuso kama wanasayansi, kisha huandika walichonong'onezwa. Walimu wanajua. Nao walisoma vivyo hivyo.

Dennis akawa fundi wa mchezo huo. Wenzake walichungulia kwa sababu ya uvivu, yeye alichungulia kama kipofu anayepapasa ukuta. Kidato cha nne akapata A ya kemia. Tulichinja kuku, mimi nikaleta kreti ya soda, na katika hotuba yangu nikamsamehe zile nyanya hadharani, watu wakacheka sana. Siku ile aliketi katikati yetu na sahani iliyojaa, asimeze kitu. Nilidhani ni furaha.

"Ilikuwa aibu, Mama Faith," aliniambia juzi pale kwenye ndoo. "Mlikuwa mnapigia makofi mtu mwingine."

Aliitwa chuo kikuu hapa hapa mjini, kusomea ualimu wa kemia na hisabati. Aliingia na tumaini moja, kwamba huko watafundisha kweli, na atakayeshindwa atashikwa mkono aonyeshwe. Akakuta maabara ya watu wengi na vifaa vichache, wanafunzi wakifanya kazi kwa makundi. Katika kundi lake wengine walitazama, yeye akaandika na kukokotoa, na kila mmoja aliridhika. Angeweza kukuchorea ile dawa ya rangi ilivyoundwa na kukueleza kwa nini hugeuka. Kugeuka kwenyewe hakuwahi kukuona. Alikuwa kama mhubiri anayeeleza mbinguni, na yeye walau alikuwa anajua kwamba hajafika.

Kabla ya kumaliza chuo, mwalimu mwanafunzi hupelekwa shuleni afundishe muhula mmoja, na mkufunzi huja kumkagua. Dennis alipangiwa shule moja ya sekondari upande wa Turbo, akapata malazi kwa mjomba wake Wabuge, kaka yake Nasike, anayelima mahindi huko. Alifundisha vizuri. Sauti yake ina upole, na hesabu huzimenya mpaka mtoto mzito aone kokwa. Wanafunzi wa kidato cha tatu walimpenda.

Kisha ukaja mtihani wa maabara, na ilimpasa yeye sasa atoe jibu la mwalimu.

Alijifungia maabara mapema, akajaribu. Alimimina, akakodoa macho, akamimina tena. Manjano ilibaki ileile, au iligeuka akakosa kujua. Basi akafanya alichokiweza. Aliketi na kalamu akakokotoa kutoka kwa nguvu za asidi zilizoandikwa kwenye lebo, akapata mililita ishirini. Akaiandika kwenye kikaratasi, akakiweka mezani chini ya kisanduku cha chaki. Kiranja, Kabiru, akaja kuchukua chaki.

Aliposahihisha, darasa zima lilikuwa na ishirini, au ishirini na chembe, au ishirini kasoro chembe. Isipokuwa msichana mmoja. Nekesa, anayeketi karibu na sinki, mtoto mkimya mwenye mwandiko wa kulala, alikuwa ameandika ishirini na nne. Chini yake akarudia, akapata ishirini na nne. Akarudia tena, ikawa ileile.

Dennis angeweza kumwita pembeni. Hakumwita pembeni. Alimsimamisha mbele ya wenzake, akamuuliza alikuwa akipima asidi au akipika uji, na kama macho yake ameyaacha nyumbani. Anasema maneno yale yalitoka mdomoni kwa sauti ya yule mwalimu wake wa zamani, nayo yalikuja kwa urahisi uliomshangaza. Darasa likacheka. Nekesa akasema kwa sauti ndogo, "Lakini mwalimu, mimi niliona ikibadilika hapo."

"Angalia vizuri siku nyingine," Dennis akamwambia.

Msichana akarudi mezani pake, akachukua kalamu na rula, akazipiga mstari zile ishirini na nne zote tatu, mstari ulionyooka, akaandika ishirini. Dennis alimwona akifanya hivyo, akageuka, akafuta ubao.

Mchana Akumu, mama anayetunza maabara, alikuwa anaosha vyombo na kupiga soga. Katika soga akataja kwamba kabla ya mtihani asidi ilikuwa imebaki kidogo, basi aliiongeza maji ili iwatoshe wote. Hakusema kwa ubaya. Shule nyingi hufanya hivyo, na hakuna ubaya, kwa sababu mwalimu akijaribu mwenyewe atapata kipimo cha hiyo hiyo iliyoongezwa maji. Jibu la mwalimu liko kwa ajili hiyo. Asidi dhaifu inahitajika nyingi zaidi. Dennis alikokotoa kichwani, amesimama na daftari mkononi, na jibu likaja ishirini na nne.

Sasa fikiria. Darasa zima liliona rangi ikigeuka kwenye ishirini na nne, kwa macho yao mazima, likaandika ishirini kwa sababu ilikuwa kwenye kikaratasi cha mtu asiyeona. Na yule mmoja aliyeandika alichokiona, ndiye aliyechekwa. Dennis alitoka nje akasimama nyuma ya tangi la maji. Aliniambia uso ulimwaka hadi masikio, na kwamba hakuwa akiona aibu ya kukosea. Aibu ya kukosea ameizoea. Alikuwa akiona kwamba amempata mtoto anayeona, naye akamfundisha kutoona.

Jioni kwa mjomba wake kulikuwa na ugali na mayai, na Nasambu, mke wa Wabuge, alikuwa ameweka nyanya mbichi kwenye bakuli watu wakate wenyewe. Dennis hakuwa na hamu. Wabuge aliomba, akasema amina, akanyoosha mkono kwenye bakuli. Akachukua nyanya, akaibonyeza kwa kidole gumba huku anatazama dirishani. Akairudisha. Akachukua nyingine, akaibonyeza.

Nasambu akaguna kwamba mtu huyu amemharibia nyanya tangu amuoe.

Dennis aliacha kutafuna. Nasambu alipotoka kuwafungia kuku, alimgeukia mjomba wake. Kwetu sisi watu wa magharibi mjomba wa upande wa mama, khocha, ni mtu mzito, huwezi kumuuliza kila linalokujia. Lakini alimuuliza.

"Khocha, hizo nyanya unaona tofauti yake?"

Wabuge alikata ugali, akauweka chini. "Na wewe?" akauliza.

"Sioni."

Ndipo mzee akamweleza. Katika ukoo inajulikana kwamba Wabuge, enzi za ujana, alikwenda kuandikishwa jeshi, akawashinda wote mbio, kisha akakataliwa kwa sababu ya meno. Ni hadithi ya miaka, Nasike mwenyewe huisimulia. Meno ya Wabuge ni mazima mpaka leo, anamenyea muwa. Ukweli ni kwamba walimwonyesha kitabu chenye vidoa vya rangi, wenzake wakasoma namba ndani ya vidoa, yeye akaona mchele uliomwagika tu. Wakamwambia ana upofu wa rangi. Alipotoka pale, akaamua ni meno.

"Nilisema nikiambia watu ni macho, nani atanipatia msichana?" akasema. "Meno haina aibu."

Dennis alilala kitandani akitazama dari. Upofu wa rangi! Alikuwa ameusoma. Kila mwanafunzi wa biolojia anausoma: mama anaubeba bila kuugua, anaupitisha kwa baadhi ya wanawe wa kiume, na unachora mchoro wenye mishale. Yeye aliuchora mtihani baada ya mtihani na kupata alama zote. Haikumpitikia hata siku moja kwamba mama wa kwenye mchoro ana kibanda cha mboga Munyaka.

Hapa mimi huwa napandwa na hasira, na nisameheni. Mtoto alikaa shuleni miaka yote hiyo, amepimwa kwa kila mtihani uliotungwa, na hakuna hata mmoja aliyemwekea vidoa vya rangi mbele yake akamuuliza, wewe unaona nini? Nasi majirani tulikuwa tunatazama vishimo vya nyanya.

Ungedhani kijana angetulia, kwa kuwa sasa ana jina la ugonjwa wake. Hofu ndiyo iliyozidi. Wiki iliyofuata mkufunzi wake, Madam Perez, alikuwa anakuja kumkagua, tena kwenye somo la maabara. Akisema haoni rangi, nani atampitisha awe mwalimu wa kemia? Na akifelishwa, atarudi Munyaka kufanya nini, kubonyeza nyanya? Lakini Nekesa hakuwahi kunyoosha mkono tena tangu siku ile. Dennis alimrudishia alama zake kimyakimya, akaandika pembeni "vizuri". Msichana alipokea daftari, akasoma, akalifunga. Ile mistari aliyopiga kwa rula iliendelea kuwa pale.

Basi akabuni ujanja, na ujanja wenyewe anauonea haya kuliko mengine. Angemwita Nekesa mbele awe msaidizi wake. Yeye angefungulia bureti, Nekesa angesema rangi inapogeuka. Msichana angepata heshima yake mbele ya wenzake, Madam Perez angefurahia mwalimu anayeshirikisha wanafunzi, na siri ingebaki siri. Alijiona mwerevu.

Siku ikafika. Madam Perez, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliketi nyuma na karatasi zake. Dennis akajaza bureti, akaita. Nekesa akaja mbele, mikono nyuma. Dennis alimweleza, na wote walisikia, kwamba kazi yake ni kutazama chupa na kusema "hapo" rangi ikigeuka. Akafungulia.

Matone yakaanguka. Dennis alitikisa chupa na kungoja. Yakaanguka mengine. Nekesa kimya. Dennis akaendelea, akijiambia bado, bado. Akasikia mnong'ono meza ya mbele, kisha meza ya pili, kisha mtu akacheka akajiziba mdomo. Akafunga. Aliwatazama wanafunzi, akajua kutoka nyuso zao kwamba chupa imekwisha kuwa nyekundu zamani. Alikuwa amesimama palepale alipokuwa amesimama siku ile darasa lake lilipomcheka.

Akamgeukia Nekesa. Msichana hakuwa akitazama chupa. Alikuwa akimtazama yeye usoni, na alikuwa amemtazama hivyo tangu mwanzo.

"Mbona hukusema?" Dennis akamuuliza.

"Nilikuwa nangoja mwalimu aone kwanza," Nekesa akajibu.

Hakulijibu kwa kiburi. Alilijibu kama mtoto aliyeshika somo vizuri. Dennis anasema kama angemtukana, ingekuwa nafuu. Alishika ukingo wa meza. Aliona ule mstari wa rula, akaona watoto wa miaka ijayo wamepanga foleni mbele yake, kila mmoja akimtazama uso ajue aone nini. Madam Perez alikuwa ameinua kichwa.

"Mimi sioni hiyo rangi," Dennis akasema. "Sijawahi kuiona. Nina upofu wa rangi. Hata ile ishirini ya mtihani niliipata kwa kalamu, si kwa macho, na haikuwa ya kweli. Nekesa alikuwa sawa. Nyinyi wote mliona ishirini na nne, na mkaandika ishirini kwa sababu yangu. Nekesa, nilikufanya uchekwe mbele ya watu. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Kabiru alitazama kisanduku cha chaki kama kwamba kimemwita jina. Dennis aliosha chupa kwenye sinki, maji yakamrukia tai, akajaza upya, akatia dawa. Akamwambia Nekesa safari hii asimtazame yeye kabisa, maana usoni kwake hamna kitu.

Akafungulia. Msichana aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kisha akasema, "Hapo." Dennis akafunga.

Madam Perez hakumwambia kama amepita. Alikunja karatasi zake, akamuuliza nje, taratibu, amekuwa akilificha jambo hilo tangu lini, na Dennis akamwambia. Majibu hayajatoka hadi leo, na sitawadanganya kwamba naona dalili.

Jumamosi alipokuja nyumbani nilikuwa kibandani nangoja kufungiwa sukuma wiki, pamoja na wengine wawili watatu. Mteja mmoja alitaka nyanya za kupikia usiku ule. Dennis aliokota nyanya, na kidole gumba kikainuka chenyewe, kwa mazoea. Nikakiona. Nasike pia alikiona. Kilibaki hewani kidogo, kisha Dennis akakishusha, akamnyooshea mama yake ile nyanya mbele yetu sote, shingo imemwiva kwa haya.

"Mama, hii imeiva?"

Nasike alikuwa amekwisha kuambiwa, nami pia, na najua alikuwa akiwaza ni mara ngapi aliupiga ule mkono, maana hata mimi nilikuwa nikiwaza hilo, na sikuweza kumtazama. Aliipokea nyanya, akaifuta kwa leso yake ingawa haikuwa na vumbi.

"Bado, baba," akasema. "Chukua hiyo ya kando yake."